Jinsi ya Kuhudhuria Tamasha la Mvinyo wa Barafu Niagara Bila Kuganda, Kulewa Wala Kukwama Njiani: Mwongozo Kamili

Kila Januari hunijia simu zinazofanana. Mtu ametoka Toronto, au ni mgeni aliyekuja kumtembelea dada yake Brampton, kalipia tiketi za Tamasha la Icewine (mvinyo mtamu wa barafu, wa zabibu zilizoganda mtini) la Niagara, jimbo la Ontario, Kanada, na kufika saa nane mchana miguu imekufa ganzi, ameonja vituo viwili tu, na sasa anauliza kama kuna teksi ya kumrudisha stesheni. Mwaka unaofuata, mwingine tena, hadithi ileile.

Naishi Hamilton, mwendo wa saa moja kutoka Niagara-on-the-Lake, na nimeshapeleka ndugu na marafiki wa kutosha kujua wanapokosea. Hawakosei kwenye mvinyo. Wanakosea kwenye viatu, gari na tumbo. Kwa hiyo mwongozo huu utatumia muda mrefu huko kabla hata hujashika glasi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Kitambulisho chenye picha na tarehe ya kuzaliwa. Ontario umri wa kunywa ni miaka 19, na mhudumu anaweza kukuuliza hata kama una mvi.
- Buti za theluji zisizopitisha maji, na soksi za sufu jozi mbili: moja mguuni, moja kwenye mkoba.
- Nguo za ndani za baridi, sweta, koti linalozuia upepo, kofia ya kufunika masikio.
- Glavu za aina mbili: nyembamba za ndani na nene za juu.
- Chupa ya maji na kitu cha kutafuna.
- Tiketi iliyopakuliwa kwenye simu, pamoja na nakala ya karatasi. Betri ya simu hushuka ghafla kwenye baridi kali.
- Mtu mmoja wa kuendesha asiyekunywa kabisa, au mpango wa usafiri uliolipiwa tayari.
- Kama mna gari: matairi ya theluji, kikwangulio cha barafu, na maji ya kioo yasiyoganda.

Ukikosa kimoja kati ya buti na dereva, ahirisha. Vingine vinavumilika.

## Hatua ya 1: Chagua siku, na ujue unakwenda kuona nini

Tamasha hufanyika Januari, kwa kawaida kwa wikendi kadhaa mfululizo. Jumamosi mchana ndiyo yenye watu wengi. Ukiweza, nenda Jumapili asubuhi au Ijumaa. Foleni ya dakika 20 si kitu ukiwa ndani ya ukumbi. Nje, upepo ukitoka Ziwa Ontario, ni jambo lingine.

Wengi hudhani watakuta watu wanavuna. Uwezekano ni mdogo. Sheria ya Ontario inataka zabibu za mvinyo huu zigande zenyewe zikiwa mtini, na zivunwe joto likiwa nyuzi 8 chini ya sifuri au baridi zaidi. Hali hiyo huja inapotaka: mwaka mmoja Desemba, mwingine Januari, mwingine Februari, na mara nyingi usiku wa manane. Viwanda vya mvinyo huwapigia wavunaji simu saa chache kabla.

Sababu yake ni rahisi. Maji yaliyo ndani ya punje huganda na kubaki kwenye mtambo wa kukamulia kama mawe, na kinachotoka ni ule utomvu wenye sukari tu. Joto likipanda, barafu inayeyuka na utomvu unazimuliwa. Niliwahi kushuhudia mara moja: zabibu zilimiminwa kwenye mtambo zikigongana kama gololi, mtambo ukaguna muda mrefu, kisha chini pakatoka uzi mwembamba wa rangi ya chai nyepesi, taratibu kama asali inayotoka kwenye mzinga. Juisi inayopatikana ni kama asilimia 15 hadi 20 ya ile ambayo shamba hilohilo lingetoa kwa mavuno ya kawaida. Ukiona bei ya chupa baadaye, kumbuka uzi huo.

Umefanikiwa kama: una tarehe moja, saa ya kufika asubuhi, na hujamwahidi mtoto kwamba ataona mavuno.

## Hatua ya 2: Amua kati ya sherehe ya mtaani na mzunguko wa viwanda

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kuna mambo mawili tofauti, na watu hununua yote mawili kwa siku moja.

La kwanza ni sherehe ya mtaani, katikati ya mji wa Niagara-on-the-Lake kwenye Queen Street. Kuna vibanda vya viwanda, kaunta za barafu, sanamu zilizochongwa kwenye barafu, moto wa kuota na muziki. Unanunua tokeni, unabadilisha kwa mvinyo na chakula. Inafaa kwa kundi linalopenda shamrashamra, na kwa mtu anayetaka picha.

La pili ni pasi ya kuzunguka viwandani. Unalipa mara moja, halafu kila kiwanda unachofika kinakupa glasi moja ndogo pamoja na chakula kilichopikwa kuendana nayo. Unakaa ndani, unauliza maswali, unaona mapipa. Inafaa kwa anayetaka kuelewa anachokunywa.

Maoni yangu: kama ni mara yako ya kwanza na una siku moja tu, chukua pasi ya viwanda, halafu pita mtaani jioni kwa nusu saa kutazama taa. Mtaani unaweza kupita tu bila kununua kitu.

Kwenye pasi, soma masharti mapema. Mpangilio hubadilika mwaka hadi mwaka, na baadhi ya viwanda hutaka uweke nafasi ya saa maalumu. Pia uliza kuhusu pasi ya dereva au ya asiyekunywa pombe, ambayo huwa na bei nafuu na kinywaji kisicho na kilevi. Wapo jamaa zangu Waislamu ambao wamekwenda kwa njia hiyo, wakala vizuri, wakatazama mashamba, wakarudi na picha bora kuliko zangu.

Onyo: usipange zaidi ya viwanda vinne kwa siku. Kwenye ramani vinaonekana jirani kama maduka ya Kariakoo, lakini kila kituo hula dakika 45 ukihesabu kuegesha, kuvua makoti, kungoja, kula, na kuvaa tena.

## Hatua ya 3: Malizia habari ya usafiri kabla ya kulipia kitu kingine chochote

Kutoka Toronto ni kama kilomita 130 kwa barabara ya QEW. Siku nzuri ni saa moja na nusu. Siku ya theluji usihesabu.

Kwa gari lenu. Lazima pawe na mtu asiyeonja hata tone. Sisemi kwa kuhubiri. Ontario, ukifikisha miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, hilo ni kosa la jinai. Kuanzia miligramu 50 tu, polisi anakunyang'anya leseni hapohapo barabarani. Na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia: mwenye leseni ya G1 au G2 (zile za ngazi za mwanzo, kabla ya leseni kamili), au aliye na miaka 21 kushuka chini, anatakiwa awe na sifuri. Wageni wengi wapya nchini bado wana G2. Glasi moja, kwaheri leseni.

Kwa treni. Treni ya abiria iitwayo GO hutoka Union Station ya Toronto hadi Niagara Falls, ikipitia Hamilton na St. Catharines. Tatizo ni kwamba stesheni ya Niagara Falls iko kama kilomita 20 kutoka Niagara-on-the-Lake, na viwanda vimetawanyika mashambani. Ukifika bila gari la kukuzungusha, umekwama. Panga basi au gari la watalii kabla, na ulipie kurudi pia. Tulipokwenda na shemeji yangu mwaka wake wa kwanza, tulitegemea gari la kuitwa kwa simu. Kuja lilikuja. Kurudi, saa kumi na mbili na nusu jioni, giza limeshatanda, programu ikazunguka dakika 40 ikitafuta dereva. Tulisimama kwenye lango la kiwanda kilichokwishafungwa, shemeji amevaa raba.

Kwa ziara iliyopangwa. Ni ghali zaidi, lakini kwa kundi la watu sita au wanane gharama hugawanyika. Uliza kama bei inajumuisha pasi au ni usafiri peke yake.

Umefanikiwa kama: unaweza kumjibu mkeo, bila kusita, nani atakurudisha nyumbani na saa ngapi.

## Hatua ya 4: Vaa kwa ajili ya upepo

Januari huko, mchana huwa karibu na sifuri na usiku huteremka chini yake, lakini upepo wa ziwa ndio mkali. Nyuzi 8 chini ya sifuri zenye upepo mwilini unazisikia kama 15.

Anza na nguo ya ndani isiyo ya pamba. Pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kukuganda mgongoni. Juu yake sweta, halafu koti la kuzuia upepo. Tabaka zinakuwezesha kuvua ukiingia ndani, kwa sababu vyumba vya kuonjea huwa na joto na utatoka jasho ukibaki na koti.

Buti ziwe na nafasi kidogo. Watu huvaa soksi tatu ndani ya buti inayobana, wakidhani wamejihami, kumbe wameziba damu isifike kwenye vidole. Soksi moja ya sufu kwenye buti yenye nafasi inashinda soksi tatu kwenye buti iliyobana. Ukihisi unyevu, badilisha soksi palepale. Ile jozi ya pili kwenye mkoba kazi yake ni hiyo.

Glavu nyembamba ni kwa ajili ya kushika glasi na simu bila kufunua mkono mzima.

Onyo kubwa: pombe inakudanganya kuhusu baridi. Inatanua mishipa ya damu karibu na ngozi, unasikia joto usoni na kutamani kufungua koti, huku mwili ukipoteza joto haraka zaidi. Ukianza kujisikia vizuri kupita kiasi huko nje, huo ndio wakati wa kuingia ndani. Kidole kikiwa cheupe na kimekufa ganzi, usikisugue na theluji kama wazee fulani wanavyoshauri. Ingia ndani, kipashe taratibu kwapani au kwenye maji ya vuguvugu.

## Hatua ya 5: Kula kabla, na ufikirie sukari

Vyakula vya kwenye pasi ni vidogo, vya kuumwa mara tatu. Kula kifungua kinywa kizito nyumbani: mayai, uji, viazi, chochote kinachokaa tumboni.

Mvinyo wa barafu una kilevi cha wastani, mara nyingi kati ya asilimia 8 na 13, lakini sukari yake si mchezo. Mingi ina gramu 200 kwa lita au zaidi. Kipimo cha kuonja cha mililita 50 kina gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Vituo vinne, vijiko kumi. Mwenye kisukari aongee na daktari kwanza, na anayemeza dozi ya flajili asiguse kabisa.

## Hatua ya 6: Namna ya kuonja

Sasa tumefika. Mhudumu atakuwekea kidogo sana, na mgeni hujiona kaonewa. Hapana. Mvinyo huu haunywewi kwa glasi iliyojaa.

Anza na mikavu, yaani isiyo mitamu. Kiwanda kikikupa nafasi ya kuonja mvinyo wa kawaida, uonje huo kwanza. Ukianza na mtamu, kila kinachofuata kitaonekana kama siki.

Pasha glasi. Ndani ya ukumbi shika shina la glasi, sawa. Nje kwenye baridi, sahau adabu hiyo. Mvinyo huu hunoga ukiwa nyuzi 10 hadi 12, na kwenye kibanda cha mtaani unaweza kupewa ukiwa baridi kiasi cha kutotoa harufu yoyote. Kumbatia tumbo la glasi kwa viganja viwili dakika moja au mbili. Utaona tofauti.

Nusa kabla ya kunywa. Vidal, zabibu yenye ganda gumu inayotumika sana huko, hunukia embe dodo lililoiva na nanasi, pamoja na asali. Riesling iko upande wa limau na tufaha, na ina ukali mzuri unaokata utamu. Cabernet Franc ni nyekundu, hukumbusha stroberi. Onja kwa mpangilio huo, nyekundu mwisho.

Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, subiri. Mvinyo mzuri wa barafu unaanza na utamu halafu mate yanajaa mdomoni kama umelamba ukwaju. Ule uchachu ndio unaoutofautisha na sharubati. Ukibaki na utamu tu unaonata kwenye meno, chupa hiyo iache.

Ruhusa kutema. Kwenye kaunta utakuta ndoo au chombo cha kutemea. Sisi tumelelewa kwamba kutema ulichokaribishwa ni matusi. Huko ni kawaida, na wenye viwanda wenyewe hutema. Kilichobaki kwenye glasi mimina humohumo.

Kula pamoja nao. Jibini yenye chumvi na chakula chenye pilipili vinakwenda vizuri sana. Keki tamu kupita mvinyo wenyewe huufanya uonekane mwembamba na mchachu. Kunywa maji kila baada ya glasi.

Ukitaka jambo la pekee, Peller Estates wana chumba kilichojengwa kwa barafu, kinaitwa 10Below, kinachowekwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Wageni hupewa makoti. Huingii kukaa humo. Unaonja, unapiga picha, unatoka.

Umefanikiwa kama: unafika kituo cha tatu bado unatofautisha Vidal na Riesling ukifumba macho.

## Hatua ya 7: Toka nje uangalie mizabibu

Dakika tano tu. Uliza kwanza unaporuhusiwa kukanyaga. Kama mavuno hayajafanyika, utaona vishada vimeachwa mtini chini ya nyavu za kuzuia ndege, punje zimesinyaa na kuwa za kahawia kama zabibu kavu za kwenye pilau.

Anayelijua shamba la Dodoma atashangaa zaidi kuliko wengine. Kule mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka na adui yake ni ukame. Huku anavuna mara moja, halafu anaacha sehemu ya mazao mtini miezi kadhaa akiombea baridi, huku ndege, upepo na uozo vikila kila siku.

## Hatua ya 8: Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Nunua mwishoni mwa siku, kutoka kwenye kiwanda ambacho glasi yake bado unaikumbuka. Chupa huwa ndogo, mililita 375 au 200, na ile ya 375 mara nyingi hupita dola 50 za Kanada. Ya mililita 200 inatosha watu wanne.

Soma lebo. Tafuta neno Icewine likiwa limeandikwa kama neno moja, pamoja na herufi VQA. Herufi hizo zina maana kwamba zabibu ni za Ontario, ziliganda mtini, na mvinyo ulipita ukaguzi. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu zilizogandishwa kwenye friza haupati jina hilo huko, hata ukiwa mtamu vipi.

Chupa zikae kwenye buti la gari zikiwa zimefungwa. Chupa iliyofunguliwa ikikutwa mahali ambapo dereva au abiria anaweza kuifikia ni kosa, hata kama dereva hajanywa. Na ukifika nyumbani ziingize ndani usiku huohuo: mvinyo wa kawaida huganda kwenye nyuzi kama 6 chini ya sifuri, hutanuka, na kusukuma kizibo nje.

## Hatua ya 9: Kupeleka chupa nyumbani Afrika Mashariki

Zisipande nawe ndani ya ndege; kwenye mzigo wa mkononi mwisho ni mililita 100. Weka kwenye begi kubwa, kila chupa ndani ya soksi nene, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya nguo, mbali na kingo za begi. Zile soksi za sufu zimepata kazi ya pili.

Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima kuingia na mvinyo usiozidi lita 2 bila ushuru. Chupa tano za mililita 375 ni chini kidogo ya hapo. Ya sita ni ya kulipia.

Andika na kijikaratasi cha maelekezo: ipozwe kwenye friji kwa muda wa saa mbili, imiminwe kidogokidogo, ikishafunguliwa irudishwe friji na imalizwe ndani ya wiki moja. Mimi sikuandika. Nilimpelekea baba mdogo Moshi chupa ya Vidal, akaimimina yote kwenye bilauri mbili, akatia vipande vya barafu, akapiga funda refu kama la mbege. Akanyamaza. Kisha akainua chupa, akaigeuza kuangalia kama imebaki tone, akasema, "Hii ni asali iliyokwenda shule," na kuniuliza kwa nini nimeleta moja.